Bastola ya Mtumba: Vile Silaha ya Jeshi Iligeuka Kuwa Mradi wa Garaji

Nina tabia ya kuangalia video za mafundi usiku. Sibagui. Msee akifufua Peugeot 504 iliyokaa kwa nyasi miaka kumi, niko. Mzee wa Japani akinoa kisu kilicholiwa na kutu, niko. Sasa majuzi simu ikaniletea Mmarekani mmoja, ako garajini kwake na bastola kuukuu ya jeshi. Ameinunua ikiwa imechakaa, rangi imetoka, ndani inacheza kama mlango wa matatu. Dakika arobaini nzima anaifungua, anabadilisha vipande, anasugua, anaipa rangi upya. Mwishowe inang'aa kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Nitasema ukweli: nilifurahia. Ni ile raha ya kuona kitu cha mtumba kikipewa maisha mengine. Lakini kuna swali lilinikwama. Sisi hapa bastola tunaiona kwa kiuno cha karao, ama kwa habari za saa tatu, imewekwa mezani pamoja na risasi zilizohesabiwa moja moja. Huko kwao ilikuwaje ikawa kitu cha kuchezea na bisibisi wikendi, vile jirani yangu anachezea Subaru yake? Nikaanza kusoma. Hadithi yenyewe ina kona ambazo sikuzitarajia, na moja ilinipeleka mpaka Nyeri.

Bastola ya ile video inaitwa M1911. Hiyo nambari ni mwaka tu. Aliyeibuni ni John Moses Browning, aliyezaliwa Ogden, Utah, mwaka 1855, mtoto wa fundi wa bunduki. Huyu mzee alikuwa moto. Ukichukua silaha maarufu za vita viwili vya dunia, nyingi zilitoka kwa kichwa chake, na hata kifo kilimkuta kiwandani, Ubelgiji, mwaka 1926.

Kwa nini jeshi liliitaka? Hapa ndipo video za garaji hunyamaza. Mwaka 1898 Marekani ilichukua visiwa vya Ufilipino kutoka kwa Wahispania, na wenyeji hawakuwa wameomba kubadilishiwa mkoloni. Kule kusini Wamoro, ambao ni Waislamu, walipigana miaka mingi, na wengi wao silaha ilikuwa panga. Maafisa wa Marekani wakaanza kulalamika kwamba risasi zao ndogo za kipimo cha .38 zinampata mtu na bado anakuja. Kwa hivyo mwaka 1904 jeshi likawapa kazi afisa John Thompson na daktari Louis LaGarde. Walijaribu risasi za aina tofauti kwa ng'ombe hai kwenye machinjio ya Chicago, na kwa maiti za watu. Ndio, maiti. Jibu lao: risasi ya bastola ya jeshi isiwe chini ya kipimo cha .45, yaani unene wa karibu milimita 11 na nusu. Browning na kampuni ya Colt wakatengeneza bastola ya risasi hiyo.

Kwa hivyo kabla hujaanza kusifu vile inavyojipakia yenyewe, jua kwanza ilikusudiwa kumsimamisha nani. Mtu aliye nchini kwake na panga mkononi. Shikilia hapo, nitarudi.

Ufundi wenyewe sitauficha, ni mtamu. Ukivuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja. Nguvu ya mlipuko inasukuma ile sehemu ya juu irudi nyuma, ganda tupu linarushwa nje, springi inairudisha mbele na njiani inaokota risasi nyingine. Hiyo ndiyo nusu-otomatiki: kila risasi inataka kidole chako, lakini kupakia si kazi yako tena. Mwezi wa Machi 1911 waliijaribu kwa risasi 6,000. Ikipata moto sana wanaitumbukiza kwa maji, wanaendelea. Haikukwama hata mara moja. Mshindani wake, bastola ya Savage, ilikwama mara 37. Tarehe 29 mwezi huo huo jeshi likaipitisha.

Vita ya Pili ya Dunia ilipofika, Colt peke yake hangeweza kutosheleza jeshi, kwa hivyo kazi ikagawanywa. Iliyotengeneza nyingi zaidi ilikuwa Remington Rand, watu wa mashine za kupiga chapa, zaidi ya 800,000. Kampuni ya mitambo ya ishara za reli ilipewa zake. Na Singer. Ndiyo, Singer ya cherehani, ile ile iliyo kwa kila fundi wa nguo hapa mtaani. Singer ilitengeneza bastola 500 tu kisha ikapelekwa kazi nyingine ya vita.

Sasa jeshi lilikuwa na sharti: kipande cha kiwanda chochote kiingie kwa bastola ya kiwanda kingine chochote. Vitani huna muda wa kutafuta spea inayolingana. Lakini ukiongea na fundi yeyote wa Grogan atakwambia, kipande kinachoingia kila mahali kina nafasi kidogo ya kucheza. Ongeza miaka ya matumizi, na bastola inakuwa legelege. Inapiga, haikuangushi, lakini usiiombe ipige shilingi ukutani. Na vile vialama vya kulengea juu yake vilikuwa vidogo hata mtu mwenye macho mazuri alikuwa anavitafuta.

Na hapa ndipo customizing ilizaliwa. Samahani kwa neno, lakini hata mafundi wetu wa nganya wanaliita hivyo. Baada ya 1945 jeshi lilikuwa na bastola nyingi ghalani kiasi kwamba halikuibadilisha mpaka 1985, walipochukua Beretta. Wakati huo huo kulikuwa na mashindano ya shabaha, na makubwa kabisa yalifanyika Camp Perry, Ohio. Unasimama, mkono mmoja, bastola ya .45, shabaha iko yadi 50. Bastola legelege inakuaibisha. Mafundi wa jeshi wakaanza kuzikaza moja moja kwa mkono, na mafundi wa kiraia wakafuata. Mmoja wao alikuwa Jim Clark wa Louisiana, aliyepigana vita ya Pasifiki, akarudi nyumbani, akawa bingwa wa taifa wa bastola mwaka 1958, na watu wakawa wanamletea bastola zao. Mwaka 1957 Colt wenyewe walianza kuuza Gold Cup, bastola iliyokazwa tayari kwa mashindano. Yaani kiwanda kiliona mafundi wa mtaani wanakula, kikaja kuketi mezani.

Halafu bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Marekani, kupitia mpango wake wa kukuza shabaha ya raia, iliwauzia wanachama wa chama cha wenye bunduki M1911 za jeshi kwa chini ya dola 20. Mtumba kabisa. Kijana ananunua ya dola 20, anaipeleka kwa fundi, anaacha pesa nyingi kuliko alizonunulia. Tunajua watu kama hao, wanaendesha Probox.

Kule California Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani, alianzisha mashindano ya aina nyingine huko Big Bear: haraka, karibu, kama mtu anakujia. Raha ya hiyo hadithi ni kwamba naibu sherifu mmoja, Jack Weaver, alikuja akashika bastola kwa mikono miwili, akawafundisha adabu wote, na alikuwa na bastola ya kizamani ya silinda inayozunguka. Cooper akachukua ile mikono miwili, akairudisha kwa M1911 yake. Mafundi kama Armand Swenson wakaanza kuchonga bastola za mtindo huo: vialama vikubwa vya kulengea, kizuizi cha usalama kinachofikiwa na kidole gumba cha mkono wowote. Mwaka 1976, mjini Columbia, Missouri, mchezo ukapata shirikisho la kimataifa. Karibu kila kitu yule jamaa wa video alibadilisha kilianzia kwa mikono ya hawa watu.

Lakini bunduki ya bei rahisi haichagui mnunuzi. Siku hizo Mmarekani angejaza fomu kwenye gazeti, aweke pesa kwa bahasha, na silaha ije kwa posta. Mwaka 1963 kijana anayeitwa Lee Harvey Oswald aliagiza bunduki kuukuu ya jeshi la Italia kutoka duka la Chicago, kwa jina la uongo. Bei na darubini yake ilikuwa dola 19.95. Tarehe 22 Novemba aliitumia Dallas kumuua Rais Kennedy. Bado iliwachukua miaka mitano, na vifo vya Martin Luther King na Robert Kennedy, kabla ya sheria ya 1968 kufunga biashara hiyo ya posta.

M1911 za mwisho zilizokuwa ghalani zilianza kuuzwa kwa raia mwaka 2018. Safari hii ilibidi kutuma maombi, kuchunguzwa, kisha bahati nasibu ya nani aanze kuchagua. Bei kuanzia dola 850 hadi 1,050 kulingana na hali. Ya juu ilikuwa zaidi ya laki moja ya Kenya. Na sasa ushauri umegeuka: usiiguse! Usisugue, usipake rangi, thamani iko kwa ule uchakavu. Zile 500 za Singer, moja ikiwa bado vile ilivyotoka kiwandani inaweza kupita dola laki moja. Fikiria wale waliochukua tupa wakazichonga miaka ya sitini. Mimi ningelia.

Sasa turudi 1957, ule mwaka wa Gold Cup.

Tarehe 18 Februari mwaka huo, Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti. Wengi wetu tunajua alinyongwa. Shtaka lenyewe hatulitaji sana: alipatikana na bastola ya .38 na risasi sita, bila leseni. Basi. Chini ya sheria za Hali ya Hatari hilo pekee lilitosha kukuua. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa Kenya miaka hiyo, na wengi wao hawakushtakiwa kwa mauaji. Wakati huo huo masetla walikuwa wanaingia kwa vilabu na hoteli za Nairobi na bastola kiunoni.

Na msituni kulikuwa na mafundi pia. Mau Mau walitengeneza bunduki kwa paipu za maji, mbao, komeo la mlango na vipande vya mpira wa tairi. Baadhi ziko London mpaka leo, zimehifadhiwa Imperial War Museum. Nyingine zililipukia mikono ya waliozishika. Sijawahi kuona video ya dakika arobaini kuhusu hao mafundi, na kwangu mimi kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya mtu yeyote Camp Perry: hawakuwa na spea, hawakuwa na taa, na wakipatikana na risasi moja tu mfukoni wamekwisha.

Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ina mizizi yake katika miaka hiyo hiyo. Ukitaka bastola Kenya leo unaenda kwa Bodi ya Leseni za Silaha, ueleze unaitakia nini. Mimi sioni ubaya hapo. Sitaki ile posta ya Oswald ifike Umoja ama Kayole, tuna misiba ya kutosha. Kinachonisumbua ni kwamba ile raha niliyoipata usiku ule, ya mtu na silaha yake na bisibisi, ilihitaji kwanza serikali iseme: wewe tunakuamini. Kwa miaka mingi hata huko Marekani si kila raia aliambiwa hivyo, waulize watu weusi wa Kusini. Huku kwetu ilisemwa kwa masetla.

Jumapili nilikuwa ushago kwa cucu. Ana cherehani ya Singer, nyeusi, maandishi ya dhahabu yamefutika nusu, na bado inashona. Nikaiangalia sana mpaka akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hii kampuni iliwahi kutengeneza bastola, halafu nikamwonyesha ile video kwa simu. Aliangalia kimya, miwani imeshuka puani, mpaka yule jamaa alipoinua bastola yake mpya kwa mwanga.

"Na huyu," akauliza, "ameruhusiwa na nani?"

Nikaanza kumweleza mambo ya katiba yao. Alikuwa ameshageukia kitambaa chake.