Shabiki hununua nini anaponunua tiketi ya msimu?

SHABIKI anayenunua tiketi ya msimu huingia katika mkataba wa ajabu. Hulipa fedha zake kabla ya mpira wa kwanza kuguswa, bila kujua kama timu yake itashinda au itafedheheka, bila kujua ni nyota yupi atakayeuzwa kabla ya dirisha la uhamisho kufungwa, na mara nyingi bila hata kujua siku na saa ambapo mechi zenyewe zitasakatwa. Hata hivyo, barani Ulaya tiketi hizo hugombaniwa, na katika klabu kubwa wanaozitaka husubiri kwa miaka mingi.

Kwa mkazi wa Nairobi, Mombasa au Kakamega anayeishabikia Arsenal au Manchester United kupitia runinga, habari za bei hizo humfikia mara chache, na aghalabu kwa njia ya nambari moja inayoshangaza. Nambari hiyo peke yake haimwambii mengi. Ili kujua kama tiketi ni ghali, sharti mtu ajue kwanza inamfungulia mlango wa mechi ngapi.

Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, hivyo kila klabu huandaa mechi 19 nyumbani. Bundesliga ya Ujerumani ina timu 18, nayo kila klabu hucheza nyumbani mara 17. Tiketi ya msimu katika klabu nyingi huhusu mechi hizo za ligi tu. Mechi za ugenini hazimo, na za vikombe hulipiwa kando.

Arsenal ilikuwa na utaratibu tofauti. Mwaka wa 2014, utafiti ambao shirika la BBC lilikuwa likifanya kuhusu bei za soka ulionyesha kwamba tiketi ya msimu ya bei nafuu zaidi katika uwanja wa Emirates iligharimu pauni 1,014, karibu Sh150,000 kwa viwango vya ubadilishanaji vya wakati huo. Ile ya bei ya juu kabisa iligharimu pauni 2,013. Habari hiyo ilienea kote duniani, lakini lililopotea njiani ni kwamba fedha hizo zilihusu mechi 26: zile 19 za ligi, pamoja na saba za vikombe. Ukigawanya pauni 1,014 kwa 26 unapata pauni 39 kwa mechi. Ukigawanya kwa 19, kama walivyofanya wengi, unapata zaidi ya pauni 53. Hata pauni 39 si bei ya mtu maskini, lakini tofauti hiyo ya pauni 14 yatosha kumpotosha anayelinganisha klabu moja na nyingine.

Kuna hesabu nyingine inayofaa kufanywa. Klabu nyingi za Uingereza hupanga mechi kwa madaraja: ziara ya Chelsea au Manchester United huwa katika daraja la juu, ya timu iliyopandishwa ngazi juzi huwa la chini. Mwaka huo huo wa 2014, kiti ghali zaidi cha mechi moja ya daraja la juu uwanjani Emirates kiliuzwa kwa pauni 97. Mwenye tiketi ya msimu ya pauni 2,013 alilipa wastani wa pauni 77 kwa kila mechi, iwe kubwa au ndogo. Kwa hivyo katika mechi kubwa alifaidika, na katika zile ndogo huenda alilipa zaidi ya mtu aliyenunua tiketi yake siku hiyo. Anayetaka kutazama vigogo pekee angeweza kudhani kwamba ni heri anunue tiketi tano tu kwa mwaka. Shida ni kwamba tiketi za mechi hizo ndizo adimu, na asiye na nafasi ya kudumu hubaki nje ya lango.

Hapo ndipo ilipo thamani halisi ya tiketi ya msimu. Inauza uhakika. Mwenye nayo ana kiti chake, safu ile ile na nambari ile ile, na kando yake wameketi watu wale wale ambao pengine amewazoea tangu utotoni. Ana haki ya kuifanya upya mwaka unaofuata kabla ya mtu mwingine kupewa kiti hicho. Fainali ikifika, au safari ya ugenini yenye tiketi chache, huwa miongoni mwa wanaofikiriwa kwanza. Haki hizo haziandikwi kwenye bei, lakini ndizo zinazomfanya mtu aendelee kulipa hata baada ya misimu mitatu ya kuchapwa.

Klabu nazo zinalifahamu jambo hilo. Msimu ukimalizika mwezi Mei, mapato ya langoni hukatika hadi Agosti, ilhali wachezaji na wafanyakazi huendelea kudai mishahara. Fedha za tiketi za msimu ndizo huzipitisha klabu, hasa zile ndogo, katika miezi hiyo ya kiangazi. Kwa maneno mengine, shabiki huikopesha klabu yake bila riba. Kinyume chake ni kwamba asiyeweza kulipa kwa mkupuo mmoja, akaamua kulipa kidogo kidogo kupitia kampuni za mikopo zinazoshirikiana na baadhi ya klabu, aghalabu hutozwa riba. Anayeipa klabu mkopo halipwi chochote, na asiye na uwezo wa kuutoa wote kwa pamoja huongezewa gharama.

Mkopo huo una hatari zake. Mnamo Machi 13, 2020, Ligi Kuu ya Uingereza ilisimamishwa kutokana na virusi vya corona. Iliporejea Juni 17, mechi zilichezwa katika viwanja vitupu. Waliokuwa wamelipia msimu mzima walirejeshewa sehemu ya fedha au wakakatiwa kiasi hicho kwenye bei ya msimu uliofuata, na katika klabu ndogo wapo waliokataa kurudishiwa ili timu zao zisizame.

Hatari iliyozoeleka zaidi ni ya ratiba. Mechi iliyopangwa Jumamosi alasiri huhamishiwa usiku wa siku nyingine kwa sababu kituo cha runinga kimeitaka, na mwenye tiketi anayesafiri kutoka mbali hana wa kumlalamikia. Nchini Ujerumani mashabiki walipinga vikali mechi za Jumatatu usiku zilizoanzishwa msimu wa 2017-18, hadi zikaondolewa kwenye ratiba kuanzia msimu wa 2021-22.

Bei za Uingereza hazikuwa hivi tangu jadi. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya viwanja ilikuwa ya kusimama, na kiingilio kilikuwa cha mfanyakazi wa kawaida. Aprili 15, 1989, msongamano katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield ulisababisha vifo vya mashabiki 97 wa Liverpool, wa mwisho wao akifariki mwaka wa 2021 kutokana na majeraha ya siku hiyo. Jaji Taylor, katika ripoti yake ya Januari 1990, alipendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Jaji huyo hakukusudia bei zipande. Alitoa mfano wa Ibrox, uwanja wa Rangers ya Scotland, ambapo kiti kiligharimu pauni 6 na nafasi ya kusimama pauni 4, akionyesha kwamba kiti cha bei nafuu kinaweza kulingana na mfuko wa aliyezoea kusimama. Viti vikawekwa. Ligi Kuu ikaanzishwa 1992, fedha za runinga zikamiminika, na ule mfano wa Ibrox ukaachwa katika kurasa za ripoti.

Mashabiki hawakunyamaza daima. Mapema mwaka wa 2016, Liverpool ilitangaza bei mpya ambapo tiketi ghali zaidi ya mechi moja ingekuwa pauni 77. Februari 6, timu hiyo ikiwa mbele kwa mabao 2-0 dhidi ya Sunderland, maelfu ya watu waliinuka katika dakika ya 77 na kuondoka Anfield. Waliokadiria walisema ni karibu 10,000. Sunderland ilisawazisha na mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliutupilia mbali mpango huo. Hoja ya mashabiki ilikuwa nyepesi kueleweka: kuanzia Agosti mwaka huo, mkataba mpya wa runinga nchini Uingereza pekee ungezipa klabu zaidi ya pauni bilioni 5 kwa miaka mitatu, basi pauni chache za ziada kutoka kwa mzee wa Anfield zilikuwa za nini? Mwezi uliofuata klabu zote 20 zilikubaliana kwamba tiketi za mashabiki wageni zisizidi pauni 30.

Swali hilo Ujerumani ilikuwa imelijibu mapema. Kwa muda mrefu katika muongo wa 2010, Bayern Munich iliuza tiketi ya msimu ya kusimama kwa yuro 140, yaani yuro 8 na senti kidogo kwa kila mechi ya ligi. Uli Hoeness, aliyekuwa rais wa klabu hiyo, alieleza kwamba kuipandisha karibu mara tatu kungeleta takriban pauni milioni mbili, kiasi ambacho viongozi hukibishania kwa dakika tano wanapomnunua mchezaji, lakini kwa shabiki tofauti hiyo ni kubwa mno. Sheria ya mwaka wa 1998 inayotaka wanachama wawe na zaidi ya nusu ya kura katika klabu huchangia msimamo huo, kwa kuwa kiongozi anayepandisha bei ovyo hukutana na wanaolipa siku ya uchaguzi. Borussia Dortmund, yenye uwanja wa watu zaidi ya 81,000, huuza takriban tiketi 55,000 tu za msimu ijapokuwa ingeweza kuuza zaidi, ili wengine wapate nafasi ya kuiona timu hata mara moja kwa mwaka.

Nafuu haikuanzia wala kuishia Ujerumani. Bradford City ya daraja la tatu la Uingereza ilishusha tiketi ya msimu wa 2015-16 hadi pauni 149 na kuuza takriban 18,000. Huddersfield Town iliuza tiketi kwa pauni 100 ilipotimiza miaka 100 mnamo 2008, ikawaahidi waliodumu nayo kila mwaka kwamba wangelipa bei iyo hiyo klabu ikifika Ligi Kuu. Ilifika mwaka wa 2017, na ahadi ikatimizwa.

Lakini kiti cha bei nafuu au cha urithi kina kishawishi chake. Barcelona ni mali ya wanachama, na mwanachama asiyeweza kufika huruhusiwa kukiachilia kiti chake kiuzwe na klabu, naye akapata sehemu ya malipo. Aprili 14, 2022, katika robo fainali ya Europa League, Eintracht Frankfurt ilikuwa imetengewa tiketi 5,000. Waliojitokeza Camp Nou wakiwa wamevalia nyeupe walikadiriwa kuwa 30,000, na Barcelona ikalazwa 3-2 nyumbani kwake kana kwamba ilikuwa ugenini. Rais Joan Laporta alisema aliona aibu. Wapo wanachama waliokuwa wameuza viti vyao. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 1994 hufanya kuuza tiketi ya soka bila idhini kuwa kosa la jinai, ingawa walanguzi hawajaisha.

Na hapa Kenya? Gor Mahia iliasisiwa 1968 na AFC Leopards 1964, lakini klabu hizo zenye wafuasi wengi zaidi nchini zimezoea kutegemea viwanja vya umma. K'Ogalo na Ingwe zimewahi kuandaa mechi za nyumbani Nyayo, City, Machakos, Thika na Kisumu, kutegemea uwanja upi umefungwa kwa ukarabati. Klabu isiyokuwa na uwanja haiwezi kumuuzia mtu kiti, kwani kiti chenyewe si chake. Inachoweza kuuza ni haki ya kuingia, na haki hiyo ina uzito tu ikiwa wanaoingia kwa mlango wa nyuma wamezuiwa. Malalamiko kuhusu mapato yanayovuja langoni si mageni kwa msomaji wa kurasa hizi.

Hata hivyo hesabu yake si ngumu. Ligi yenye timu 18 humpa shabiki mechi 17 za nyumbani. Tuseme kiingilio ni Sh200: mtu asiyekosa hata moja hutumia Sh3,400 kwa msimu, mbali na nauli. Klabu ikimuuzia zote kwa Sh2,400, anaokoa Sh1,000, nayo inapata fedha za maandalizi kabla ya msimu kuanza. Kwa anayelipwa kwa siku, Sh2,400 kwa mkupuo ni nyingi, hivyo ingefaa alipe kwa awamu bila nyongeza. Na lazima sharti moja liandikwe waziwazi kwenye tiketi: mechi ya Nairobi ikihamishiwa Kisumu, au ikichezwa bila mashabiki, aliyelipa arudishiwe Sh141 za mechi hiyo kwa njia ile ile ya M-Pesa aliyotumia kulipia.