Kujipanga

Mjini ukiambiwa "jipange", unaelewa: weka mambo yako sawa, usingoje kusukumwa. Neno hilohilo linawafaa wanakemia.

Chukua korosho. Mbanguaji wa Mtwara anayajua mafuta ya ganda lake, maana yanababua ngozi. Yakipashwa moto hupatikana kadanoli, molekuli yenye mkia mrefu wa kaboni 15. Mwaka 2001 watafiti waliokuwa Japani walieleza jinsi walivyoiunganisha na glukosi. Kichwa cha sukari kinapenda maji, mkia unayakimbia. Basi ndani ya maji molekuli hizo zikashikana zenyewe, zikawa nyuzi zilizosokotwa, na nyuzi zikawa mirija myembamba ajabu. Hakuna aliyezishona.

Polima ni mnyororo wa molekuli nyingi zilizoungana. Ile ya kawaida, kama ya ndoo ya plastiki, hufungwa kwa bondi imara za kikemia. Molekuli hizi za kadanoli na sukari hushikana kwa nguvu hafifu, ndiyo maana joto huweza kuzitawanya.

Polima za namna hii, zinazojiunga zenyewe, tuziiteje kwa Kiswahili? Wapo watakaopendekeza "polima zinazojikusanya". Hapana. Hata takataka hukusanyika. Hizi zina mpangilio. Tuandike "polima zinazojipanga".