Kilichofungwa Hakikufunguka

Kwa Kiswahili tunasema "kufunga kizazi". Nimelisikia neno hilo tangu utotoni na sikuwahi kulitilia shaka, mpaka nilipotazama *No Más Bebés*, filamu ya makala ya Renee Tajima-Peña iliyotoka mwaka 2015, kisha nikaanza kuifuatilia kesi iliyomo ndani yake. Kumbe Wahispania nao, kama Waingereza, husema mirija ya uzazi "imefungwa". Na wapo wanawake waliolielewa neno hilo kama mimi na wewe tungelielewa: kilichofungwa, siku moja hufunguliwa.

Hayo yalitokea Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali kubwa ya kaunti iliyoko mashariki mwa jiji, kwenye mitaa waliyojaa watu wenye asili ya Meksiko. Hebu fikiria hali yenyewe. Mama yuko kwenye uchungu, anapelekwa haraka kufanyiwa upasuaji wa kujifungua. Katikati ya maumivu hayo analetewa karatasi asaini. Karatasi ni ya Kiingereza, yeye anajua Kihispania. Baadhi yao walieleza baadaye kwamba walishinikizwa hadi wakasaini. Mwingine hakujua lolote mpaka aliporudi kuomba njia ya uzazi wa mpango, ndipo akaambiwa haihitaji tena.

Daktari kijana aliyekuwa mafunzoni pale, Bernard Rosenfeld, hakukubali kunyamaza. Alikusanya kumbukumbu na kuzitoa nje. Zikamfikia wakili Antonia Hernández, mwanamke aliyezaliwa Meksiko na ambaye hakuwa hata na umri wa miaka 30. Akaanza kuwatafuta wenyewe majumbani kwao. Fikiria kazi hiyo, jamani: kubisha hodi kwa mtu usiyemjua umuulize habari za kizazi chake. Mwishowe wanawake 10 wakakubali kushtaki. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Dolores Madrigal, ndiyo maana kesi inaitwa Madrigal dhidi ya Quilligan. Ilifunguliwa mwaka 1975 na kusikilizwa mwaka 1978.

Sasa hapa ndipo kisa kinaponiuma. Upande wa wanawake ulimleta shahidi msomi, mwanaanthropolojia Carlos Vélez-Ibáñez. Alikuwa amekaa nao, akawasikiliza kwa muda mrefu. Akaieleza mahakama kwamba wengi wao walitoka vijijini Meksiko, ambako uzazi ni sehemu ya heshima ya mwanamke na ya ndoa yake. Waliopoteza kizazi walikuwa wamezama katika huzuni, wengine ndoa zimetikisika, wengine wakijificha wasiulizwe. Lengo lake lilikuwa kuonyesha ukubwa wa jeraha.

Jaji Jesse Curtis aliusikia ushahidi huo, akaugeuza. Alisema, kwa ufupi, kwamba uchungu wa wanawake hao ulitokana na utamaduni wao usio wa kawaida, na kwamba madaktari wa hospitali yenye shughuli nyingi hawakuwa na muda wala nafasi ya kuyajua mambo hayo. Yote yalikuwa kutoelewana tu baina ya mgonjwa na daktari. Madaktari walikuwa na nia njema. Wanawake wakashindwa.

Siku hizi kila mahali tunaambiwa mhudumu wa afya ajifunze utamaduni wa mgonjwa. Sipingi. Lakini kesi hii imenifundisha kuuliza: utamaduni huo unatumika kwa faida ya nani? Kwani ilihitajika elimu ya vijiji vya Meksiko kujua kwamba mtu aliye kwenye uchungu hawezi kuamua jambo la maisha yake yote? Walichohitaji hakikuwa cha ajabu hata kidogo. Mtu wa kuzungumza nao kwa Kihispania, maumivu yakiwa yametulia, awaambie waziwazi: ukikubali, hutazaa tena.

Kushindwa kwao hakukuwa bure. Kelele zao, pamoja na za wanawake wengine waliofungwa kizazi bila hiari kwingine Marekani, zilileta kanuni mpya za serikali kuu, zilizoanza kutumika mwaka 1979 kwa upasuaji unaolipiwa na fedha zake. Mgonjwa awe ametimiza miaka 21. Zipite siku 30, isipokuwa dharura chache, kati ya kusaini na kufanyiwa. Asisainishwe akiwa kwenye uchungu. Asipoielewa lugha ya fomu, awepo mkalimani. Na mwaka 2018, miaka 40 baada ya hukumu, kaunti ya Los Angeles ikaomba radhi.

Ukisoma kanuni hizo polepole, utaona kila moja ina mwanamke nyuma yake. Mmoja alisainishwa akilia kwa uchungu, mwingine alipewa karatasi asiyoweza kuisoma. Nami neno letu nalisikia tofauti sasa. Mtu akiniambia fulani amefungwa kizazi, swali la kwanza linalonijia ni hili: je, alielezwa kwamba huenda kisifunguke tena, na alielezwa kwa lugha gani?