Simba wa Tsavo, Shosho na Nyoka wa Chuma

Kwanza tuelewane. Nikisema Rongai, naongea juu ya Rongai ya Nakuru, si ile Ongata Rongai ya matatu za muziki wa kupasua masikio. Hii yetu ni ya mahindi, mkonge na reli. Sisi tuliozaliwa hapa tulilala tukisikia vitu viwili: mbwa wa jirani, na treni ya mizigo ikipanda polepole kuelekea Eldoret.

Kitu cha tatu kilikuwa video. Mzee mmoja alikuwa na chumba cha mabati nyuma ya soko, na ndani televisheni moja, spika mbili na mabenchi ya mbao. Shilingi kumi, unaona muvi mbili. Ukikosa kumi, unachungulia kwa tundu la msumari mpaka ufukuzwe. Hapo ndipo nilikutana na Anaconda, King Kong na Godzilla. Na hapo ndipo, nikiwa darasa la pili, nilikutana na simba wawili ambao walininyima usingizi wiki nzima.

Muvi inaitwa The Ghost and the Darkness. Sisi tuliita "ile ya simba wa Tsavo". Mwezi uliopita niliitazama tena, na hii posti ni juu ya venye hiyo jioni iliniharibia muvi na kunifundisha kitu ambacho muhula mitatu ya chuo haikunifundisha kabla niache.

Hadithi yenyewe unaijua. Ni 1898. Waingereza wanajenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani. Mhandisi John Henry Patterson anafika Tsavo mwezi wa Machi kujenga daraja juu ya mto. Simba wawili dume wanaanza kuwatoa wafanyakazi ndani ya mahema usiku. Ua la miiba haliwazuii, mioto haiwazuii. Wafanyakazi wanasema hawa si simba, ni mashetani. Mwezi wa Desemba wanachoka kabisa, wanasimamisha treni kwa kulala juu ya reli, wanapanda na kurudi Pwani. Kazi inasimama karibu wiki tatu. Patterson anamuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Daraja linaisha. Watu wanashangilia.

Na sisi tulishangilia. Chumba kizima cha watoto weusi, mita chache kutoka kwa reli, tukipigia makofi Val Kilmer juu amepigania reli ya Mzungu. Hilo halikunisumbua nikiwa na miaka minane. Kwa nini linisumbue? Zimwi ni zimwi.

Sasa mwezi uliopita mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, stima zimepotea, na laptopu ilikuwa na chaji kidogo. Nikaiweka hiyo muvi mezani kwa shosho. Shosho wangu huniita "mzee wangu" kwa sababu nimebeba jina la mume wake, na haogopi kitu. Alitazama akichambua maharagwe. Simba akaingia hemani, akamburuta jamaa mmoja mkubwa, yule Mahina. Asubuhi wakampata ameliwa. Shosho akauliza, "Huyo mama yake aliambiwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Dakika kumi baadaye wakaliwa wengine, na akauliza tena, "Na hawa je, hawa waliitwa nani?"

Nikasimamisha muvi nikatafuta jibu. Nimetafuta wiki tatu.

Nianze na huyo Mahina. Kwenye kitabu ambacho Patterson aliandika 1907, Mahina alikuwa mbeba bunduki wake, na hakuliwa na simba. Aliyeburutwa kutoka hemani alikuwa Singasinga mmoja, msimamizi wa wafanyakazi, jina lake Ungan Singh. Filamu ilichukua kifo chake ikampa mtu mwingine. Wakati huohuo ikamuumba mwindaji Mmarekani anayeitwa Remington, mtu ambaye hakuwahi kuwako, juu Michael Douglas alihitaji nafasi. Simba wenyewe pia ni wa kuigiza: simba halisi wa Tsavo hawakuwa na manyoya shingoni, lakini wale wa kwenye filamu wana manyoya marefu kama ya kinyozi wa Nakuru. Waliletwa kutoka bustani ya wanyama ya Kanada. Na Tsavo ya kwenye filamu ni Afrika Kusini.

Hayo yote ningesamehe. Muvi ni muvi. Lakini swali la shosho lilikuwa juu ya majina, na hapo ndipo kidonda kilipo.

Patterson mwenyewe, kwenye kitabu chake, anasema simba hao walikula Wahindi 28. Halafu anaongeza kwamba kuna Waafrika wengine wengi ambao hakuna aliyeweka kumbukumbu yao. Basi, sentensi imekwisha. Baadaye, miaka ya 1920, akapandisha hesabu ikawa watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mabaki ya hao simba kujua walikula nini, wakakadiria watu kama 35. Kwa hivyo tuna 28, tuna 135, tuna 35. Tunaweza kupima nywele ya simba wa 1898 tujue alikula nini, lakini hatuwezi kumwambia shosho jina la Mtaita au Mkamba mmoja aliyekuwa ndani ya hiyo nywele.

Linganisha na hii. Tarehe 6 Juni 1900, simba mwingine aliingia kwenye behewa pale Kima akamtoa afisa wa polisi Mwingereza, Charles Ryall. Mtu mmoja, usiku mmoja. Jina tunalo, tarehe tunayo, na lile behewa lenyewe liko Makumbusho ya Reli pale Nairobi. Enda ulione. Simba hakubagua mtu. Kalamu ndiyo ilibagua.

Na hao simba wawili je? Patterson aliwafanya mazulia nyumbani kwake kwa karibu miaka 25, halafu 1924 akawauzia makumbusho ya Field kule Chicago kwa dola 5,000. Wako huko mpaka leo, wamejazwa na kusimamishwa kwenye kioo. Zimwi lina anwani. Walioliwa hawana.

Nilipomwambia shosho haya, alisema kitu ambacho sikutarajia. Alisema, "Lakini zimwi halikuwa simba. Zimwi lilikuwa hiyo treni."

Nilidhani ni uzee. Kumbe nilikuwa mimi ndiye sijui historia.

Kabla reli ifike huku, Wakikuyu walikuwa na mtabiri, Mugo wa Kibiro. Inasimuliwa kwamba alitabiri wageni wenye ngozi nyeupe watakuja, na nyuma yao nyoka wa chuma anayetema moto. Upande wa Wanandi, orkoiyot wao Kimnyole anasimuliwa kuwa alitabiri kitu karibu hichohicho: nyoka anayepumua moshi atapita katika nchi yao. Makabila mawili, lugha mbili ambazo hazifanani hata kidogo, zimwi moja. Mtoto wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani dhidi ya huyo nyoka kwa miaka, watu wake waking'oa nyaya za simu na vyuma vya reli, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905 alipopigwa risasi na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwenye mkutano ulioitwa wa amani.

Kwa hivyo hapa kwetu filamu ya zimwi ilikuwako kabla ya Hollywood. Ilisimuliwa kando ya moto. Na ndani yake zimwi ni reli.

Sasa piga hesabu. Kujenga hiyo reli waliletwa Wahindi karibu 32,000. Waliokufa ni karibu 2,500: malaria, kuhara, vidonda, ajali. Simba wawili walikula watu kama 35. Ukiniuliza ni nani alimeza watu wengi, jibu si gumu. Na hata njaa ya simba ina maelezo yake. Miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe ilikuwa imeua mifugo na nyati sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kwa hivyo chakula chao kilipungua. Tsavo ilikuwa njia ya zamani ya misafara ya pembe na watumwa, na waliokufa njiani waliachwa hapohapo. Simba mmoja alikuwa na jino lililovunjika na jipu kwenye mzizi, kwa hivyo kukamata pundamilia ilikuwa maumivu. Weka mgonjwa mwenye njaa karibu na kambi ya maelfu ya watu wanaolala kwa mahema. Hapo hakuna shetani.

Reli ilipofika Bonde la Ufa, ardhi ya kando yake ilihitaji wenyewe wapya. Mwaka 1904 Wamaasai walitolewa bondeni kwa mkataba, wengi wakapelekwa Laikipia, walowezi wakaingia. Tawi linalopita hapa kwetu lilifika Eldoret 1924. Mashamba ya Rongai yaliota kando ya hilo tawi, na kwenye shamba moja baba ya shosho alikuwa skwota.

Na hapa naomba usome polepole, juu ndipo nilipofunga laptopu.

Simba wa Tsavo waliingia sinema mara ya kwanza kwa kishindo mwaka 1952. Filamu ilikuwa Bwana Devil, ya Arch Oboler, iliyopigwa California. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Marekani ambapo unavaa miwani na picha inakurukia usoni. Usiku wa kwanza, tarehe 26 Novemba, watu wa Hollywood walikaa na miwani yao kuona simba wa Kenya akiwarukia, na kuna picha maarufu ya huo ukumbi: safu kwa safu za Wazungu wenye miwani. Siku 37 kabla ya hapo, tarehe 20 Oktoba 1952, hapa Kenya ilitangazwa hali ya hatari. Muda si mrefu maelfu ya Wakikuyu wakaanza kung'olewa kwenye mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa rizavu, kwa malori na kwa treni.

Shosho alikuwa na miaka kama saba. Aliniambia walipandishwa Nakuru, behewa la mizigo, mama yake amembeba mdogo wake na sufuria moja. Mbuzi walibaki. Baba hakupanda nao. Alisema kilichomtisha si askari, ni mlio wa injini ilipoanza kuvuta. Yule mdogo wake hakumaliza mwaka huko walikopelekwa.

Nimeishi na huyu mama miaka ishirini na kitu. Sikuwahi kusikia hiyo stori. Ilitolewa na muvi mbaya kwa ukweli na nzuri kwa kutisha.

Najua kuna msee atasema, "Buda, ni muvi tu, tulia." Na sijakataa. Ile sehemu Patterson ameazima bunduki na inakataa kufyatuka simba akiwa mbele yake, bado nilishika kiti. Ni filamu imetengenezwa vizuri, sitaki mtu aifute. Ninachosema ni kwamba muvi ya zimwi inakufundisha kitu kimoja bila wewe kujua: nani anastahili jina kabla ya kuliwa. Ukiitazama mara mia ukiwa mtoto, hilo somo linaingia.

Lakini nakumbuka pia kitu kingine cha kile chumba cha mabati. Muvi zetu zilikuwa za madijei. Kama hukukulia huku: ni mtu anayeweka sauti yake juu ya filamu ya Kizungu na kukusimulia kwa Kiswahili na Sheng. DJ Afro ndiye mfalme wao Kenya. Uganda wana ma-VJ wao, na Tanzania walikuwa na Lufufu. Watu wa vitabu huwacheka. Ati wanaharibu filamu, ati wanaongeza maneno ambayo hayako.

Ndiyo, waliongeza. Kwenye sidi tuliyoona sisi, kila mfanyakazi aliyeburutwa na simba alipewa jina na dijei. Huyu ni Kamau wa Njoro, alikuwa amebakisha wiki moja arudi nyumbani. Huyu ni Kipchumba, ametuma pesa ya mahari jana. Tulicheka sana. Lakini tulikuwa tunawajua. Dijei mmoja wa kichochoroni, na maiki mbovu, alifanya kazi ambayo kitabu cha 1907 hakikufanya wala filamu ya 1996 haikufanya. Aliyabuni majina, ndiyo, lakini alijua kwamba yalihitajika.

Kile chumba sasa kinauza simu. Mimi nina maiki nzuri kuliko ya yule dijei, na nimeamua kuitumia. Nimeanza kumrekodi shosho jioni baada ya chai, kwanza majina ya waliokuwa kwenye lile behewa. Amekumbuka kumi na moja. La kwanza alilotaja ni la mdogo wake.