Polarimeta, sukari na jicho linalodanganya

Nimepotea wiki mbili, ni hizi ripoti za maabara. Leo niwasimulie yaliyotukuta Alhamisi, pamoja na historia iliyo nyuma yake.

Tulipewa maji ya sukari, gramu 10 katika mililita 100, tuyapime kwa polarimeta yenye bomba la sentimita 20. Kwa taa ya sodiamu na joto la nyuzi 20, jibu la kitabuni ni kama digrii 13.3. Sisi tukapata 14.2. Tukarudia mara tano, mambo yaleyale. Mwenzangu akaninong'oneza: "We andika 13.3 twende tukale." Jamani, kwa njaa ile nilikaribia kukubali.

Kilichonizuia ni mzee Biot. Mwaka 1815 Mfaransa huyu, Jean-Baptiste Biot, aligundua kwamba vimiminika kama tapentaini huzungusha mwanga uliopolarishwa, yaani unaotikisika upande mmoja tu. Sukari nayo huzungusha, na ikizidi mwanga unazunguka zaidi. Basi ikawa kipimo cha biashara: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1883 ilipanga kodi ya sukari kwa kipimo hicho. Hapo ukikosea kusoma, si maksi tena, ni hela za watu.

Adui wa vyombo vya mwanzo alikuwa jicho. Unazungusha mpaka uone giza, ndipo usome. Ila kwa kanuni ya Malus ya 1809, ukiwa digrii moja pembeni ya giza kamili, mwanga unaopita ni sehemu 3 tu katika 10,000. Jicho gani litaona hiyo? Dawa ikawa vyombo vya nusu kivuli, kama cha Laurent cha 1874. Unaona duara lililogawanyika, unazungusha mpaka nusu mbili zilingane. Jicho ni bovu kupima giza, lakini kulinganisha linaweza sana.

Biot mwenyewe hakuwa mtu wa kuamini haraka. Mwaka 1848 kijana Louis Pasteur alisema ametenganisha fuwele za aina mbili, moja inazungusha mwanga kulia, nyingine kushoto. Biot, akiwa na miaka 74, akamwambia arudie mbele yake, kwa kemikali alizompa yeye. Akachungulia mwenyewe kwenye chombo, ndipo akaridhika.

Nasi tukaosha bomba, tukajaza maji matupu, ambayo yanatakiwa kusoma sifuri. Yakasoma 0.8! Kumbe chombo kilikuwa hakianzii sifuri. 14.2 toa 0.8 ni 13.4.

Tumeandika 13.4, na ile 0.8 tumeitaja wazi. Tungepika 13.3, wale wa kundi la Ijumaa wangekuta kosa lilelile, nao wangepika.

Chakula tulikikosa, tukaambulia chai na andazi. Haya, tuonane wiki ijayo.