Nani Alizifungulia Elektroni?

Mwezi uliopita fundi umeme alikuja kwangu kubadilisha soketi iliyoungua. Akiwa anamenya waya akaniuliza, "Dada, wewe si umesoma? Mbona hii shaba inapitisha umeme na plastiki yake haipitishi?" Nikajibu harakaharaka, kama niko kidato cha tatu: shaba ina elektroni huru. Akanitazama. "Na nani alizifungulia?"

Sikuwa na jibu. Sentensi ile ilinipa alama nzuri za fizikia, kumbe sikuwahi kuielewa. Usiku nikaanza kusoma.

Kisa chenyewe kinaanzia Uingereza mwaka 1729, kwa Stephen Gray, mtia rangi nguo wa Canterbury aliyeishia kutunzwa kwenye nyumba ya hisani London. Gray alikuwa amegundua kwamba umeme unaotokana na kusugua kioo unaweza kusafiri kwenye kamba. Yeye na rafiki yake Granville Wheler wakatandaza kamba ndefu, wakaishikiza kwa nyuzi za hariri. Waliamini hariri inafaa kwa sababu ni nyembamba, umeme hautapata pa kutorokea. Kamba ikawa nzito, hariri ikakatika. Wakaweka waya wa shaba njano, mwembamba vilevile ila imara zaidi. Umeme wote ukapotelea huko! Ndipo wakang'amua kwamba shida si unene, ni kitu chenyewe kimetengenezwa na nini.

Kwa nini iwe hivyo, hilo lilisubiri karibu miaka 170. Mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kuwa elektroni zipo. Mwaka 1900 Mjerumani Paul Drude akasema ndani ya metali elektroni zinazurura kama hewa kwenye chupa, zikijigonga kwenye atomi. Akapiga hesabu ya jinsi metali inavyopitisha joto ikilinganishwa na umeme, na jibu likakaribiana sana na vipimo vya maabara. Hapo mwandishi wa habari ndani yangu alikaa wima, maana jibu lile lilikuwa la bahati. Drude alidhani elektroni zinachukua joto karibu mara 100 kuliko zinavyochukua kweli, na nishati ya mwendo wake akaikadiria chini mno, nayo kwa kiasi kama hicho. Kosa likafuta kosa. Alifariki 1906, Arnold Sommerfeld alikuja kuisahihisha hesabu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920.

Na aliyezifungulia? Hakuna. Atomi za shaba zinapobanana, elektroni ya nje ya kila moja haina tena mwenyewe, inakuwa mali ya wote. Kwenye plastiki kila elektroni imebanwa kwenye kiungo chake. Mwaka 1928 Felix Bloch, kijana wa miaka 22, alionyesha kwamba elektroni hupita kama wimbi: atomi zikiwa zimepangika sawasawa, inapenya bila kugonga kitu. Kinachoisumbua ni uchafu na kutetemeka kwa atomi, ndiyo maana waya wa shaba ukipata moto unapitisha kwa taabu zaidi.

Fundi aliporudi juzi nilimsimulia yote. Kisa cha hariri alikisikiliza mpaka mwisho, hata akacheka. Tulipofika kwa Bloch alikuwa ameshafunga begi lake la vifaa, akanidai nauli.