Kodi ya mchuuzi Congo: tangu saa za mpira hadi daftari la mauzo

Mama anayeuza unga sokoni, fundi wa pikipiki, mwenye kusukuma chukudu: wote wanajitafutia, na wote wanadaiwa kodi. Nani anapima kiasi cha kulipa? Swali hilo ni la zamani kuliko uhuru wa inchi.

Wakati wa Mfalme Leopold II, wanakijiji walilipa kwa jasho. Sheria ya Novemba 1903 iliweka saa 40 za kazi kila mwezi, lakini kwenye misitu ya mpira watu walidaiwa siku nyingi zaidi. Aliyepima alikuwa wakala, naye alizawadiwa kadiri mpira ulivyoongezeka.

Ubelgiji ilitwaa koloni mwaka 1908. Kuanzia 1910 kodi ya kichwa ikadaiwa kwa pesa. Mwanaume mzima alilipa kiasi kilichopangwa kwa eneo lake, awe amepata au amekosa. Mwenye bibi wengi aliongezewa. Aliyeshindwa alifungwa. Ndiyo sababu wengi waliacha vijiji wakatafuta kazi kwenye migodi na mashamba ya wazungu.

Wakati wa Mobutu, sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 ilimpa mchuuzi karatasi yake: patanti. Kwa karatasi hiyo aliruhusiwa kufanya biashara ndogo bila kuandikwa katika rejista kubwa ya biashara.

Mwaka 2013 serikali ilipanga upya. Biashara yenye mauzo yasiyozidi franka milioni 10 kwa mwaka iliwekewa kodi moja ya franka 50 000. Kutoka hapo hadi milioni 80, ilikuwa 1% ya mauzo ya bidhaa na 2% ya huduma. Hapo kipimo kikawa daftari la mwenye biashara mwenyewe. Asiyeandika anakadiriwa na mwingine.

Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa kwa sheria tu. Barabarani mambo ni mengine: mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili, vya askari wa serikali na vya makundi yenye silaha.

Anayekimbia vita anaacha meza ya biashara na daftari pia. Akianza upya kambini au mjini, bila risiti hana cha kumuonyesha anayekuja kudai mara ya pili. Hapo anapimwa tena kwa macho ya mwingine, kama zamani za mpira.